Mweka hazina alikula akiba yetu, sasa duka lake limeungua: kumwachia Mungu maana yake ni nini?

Mkulima wa Busia anauliza:

Ndugu na dada katika Kristo, nawasalimu nyote. Naandika kutoka Busia, upande wa Uganda, nikiwa na jambo lililonikosesha usingizi kwa wiki tatu sasa, na naomba mnivumilie kwa kuwa maelezo yake ni marefu kidogo.

Kanisani kwetu tulikuwa na kikundi cha akiba cha watu 27. Wanaovifahamu vikundi hivi wanajua utaratibu wake: sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo tatu zinazokaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe kulala nyumbani kwa mweka hazina, ambaye hapewi ufunguo hata mmoja. Kila Alhamisi saa kumi tulikutana, kila mmoja akanunua hisa zake, mihuri ikapigwa kitabuni mbele ya wote, na Desemba tukagawana. Desemba ya mwaka juzi tulitazamia kugawana shilingi 6,480,000. Siku hiyo wenye funguo walifungua kufuli moja baada ya nyingine, kifuniko kikainuliwa, na ndani tukakuta vitabu vyetu, kidau cha wino wa muhuri na shilingi 43,000. Hakuna kufuli iliyokuwa imevunjwa. Nakumbuka mama mmoja mzee alivifungua vitabu kimoja kimoja na kuvikung'uta, kana kwamba noti zingekuwa zimejibanza katikati ya kurasa.

Mweka hazina, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, aliapa kwamba hajui lolote. Haikupita miezi miwili akahamia mji wa jirani na kufungua duka la nafaka, na kila aliyemfahamu alijua kwamba mtaji ule haukutoka katika shamba lake la mihogo. Tulipotaka kwenda polisi, mchungaji wetu alitusihi tusiliaibishe kanisa, akatusomea Warumi 12:19, kwamba kisasi ni cha Bwana na yeye ndiye atakayelipa. Tukamwachia Mungu. Sehemu yangu ilikuwa shilingi 412,000, nilizoziweka kwa ajili ya karo, na binti yangu alikaa nyumbani muhula mzima.

Mwezi uliopita duka lile liliungua usiku, likateketea na magunia yote. Habari zilitufikia Jumapili kabla ya ibada. Mmoja akasema, "Mungu si Athumani," mwingine akaongeza kwamba malipo ni hapa hapa duniani, na wimbo wa kwanza uliimbwa siku hiyo kwa nguvu ambayo sijapata kuisikia pale. Mimi niliimba kuliko wote. Ni usiku, nikiwa nimelala, ndipo nilipokumbuka kwamba mtu yule ana watoto wanne, na kwamba yule mdogo niliwahi kumbeba mgongoni.

Naomba mnisaidie. Je, moto ule ni hukumu ya Mungu, na kama ni hukumu yake, kuna ubaya gani kuifurahia? Na je, tulipomwachia Mungu tulifanya jambo la imani, au tuliogopa tu? Wako wanaosema kwamba sasa, akiwa ameanguka, si Ukristo kumdai tena.

Boda wa Bweyogerere anajibu:

Dada yangu, usijitese bure. Maandiko yako wazi katika Wagalatia 6:7, kwamba Mungu hadhihakiwi, na kile apandacho mtu ndicho atakachovuna. Mtu aliyekula karo ya watoto wa watu 27 na kuifanya mtaji, halafu mtaji ule ukaliwa na moto, amevuna alichopanda. Sisi tunaoendesha pikipiki mjini tunaonewa kila siku na watu wenye magari makubwa ambao hakuna askari anayeweza kuwasimamisha, na faraja pekee tuliyo nayo ni kwamba juu yao yuko aonaye. Ukituondolea furaha ya kuona haki ikitendeka mara moja moja, utakuwa umetuachia nini? Wana wa Israeli waliimba baada ya Farao kuzama, na hakuna aliyewakemea.

Mwalimu Mstaafu, Kasese, anajibu:

Mama, amani iwe kwako. Nitaanza na moto, kisha nije kwenye fedha, kwa sababu naona mambo hayo mawili yamefungwa pamoja katika mawazo yako, ilhali yanapaswa kutenganishwa.

Katika Luka 13 watu walimletea Bwana Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, na yeye mwenyewe akaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Aliuliza kama watu wale walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawageuzia waulizaji neno hilo: msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo. Agosti 2024 lundo la takataka la Kiteezi, pale nje kidogo ya Kampala, liliporomoka likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30, wengi wao wakiwa maskini waliojenga pale kwa kukosa pa kwenda. Sijamsikia mtu mwenye akili akisema kwamba watu wale walikuwa waovu kuliko wakazi wa Kololo, mtaa wa matajiri. Basi kama hatuwezi kuyasoma maporomoko ya Kiteezi kuwa hukumu, kwa kipimo gani tunausoma moshi wa duka la jirani yetu? Kipimo chetu, nadhani, ni kwamba huyu alitukosea sisi.

Kuhusu furaha, Mithali 24:17-18 inanyosha maneno: "Usifurahi, adui yako aangukapo, wala moyo wako usishangilie ajikwaapo, BWANA asije akaliona hilo, likamkasirisha, akageuzia mbali naye ghadhabu yake." Ona jinsi mwenye hekima huyo alivyo mjanja hapo. Hasemi kwamba adui si adui, wala hasemi kwamba hakustahili. Anasema tu kwamba shangwe yako inaweza kukuweka wewe kwenye kiti cha mshtakiwa.

Sasa fedha. Mchungaji wenu alisoma Warumi 12:19 vizuri, lakini aliishia mahali ambapo Paulo hakuishia. Mtume hakuandika kwa sura. Sura zilitiwa na watu wa baadaye sana. Aya chache tu baada ya kukataza mtu asijilipizie kisasi, anasema kwamba mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu na kwamba hauchukui upanga bure. Maana yake ni kwamba kuipisha ghadhabu ya Mungu hakuzuii kupita katika mlango ambao Mungu mwenyewe ameuweka. Paulo huyo huyo, alipopigwa viboko Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kwa siri, na huko Kaisaria akakata rufani kwa Kaisari. Najua utaniuliza kuhusu 1 Wakorintho 6, ambako anawaaibisha Wakristo wanaoshtakiana mbele ya wasioamini. Ni kweli, lakini pale analalamika kwamba hakupatikana hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu. Je, kanisa lenu liliketi likaamua? Kwa maelezo yako, lililosomwa ni andiko moja, na kikao kikafungwa.

Kwa hiyo njia bado ziko wazi. Mwiteni mbele ya wazee wa kanisa kwanza, kwa utaratibu wa Mathayo 18. Akikataa, mahakama ya LC1, yaani ya baraza la kijiji, husikiliza madai ya deni yasiyozidi shilingi milioni mbili, hivyo dai lako peke yako linaingia humo, na asiyeridhika hukata rufani LC2, ngazi inayofuata. Kikundi kikitaka kudai fedha zote kwa pamoja, kuna utaratibu wa madai madogo katika mahakama ya hakimu, unaopokea madai hadi shilingi milioni kumi, na humo mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu, kwa hiyo hakuna gharama ya kuwatisha wajane. Kwanza mwandikieni barua ya madai, mtunze nakala, na mtunze vile vitabu vyenye mihuri, kwa maana hivyo ndivyo mashahidi wenu. Na kama mnaamini kwamba fedha ziliibwa, wizi ni kosa la jinai, na kulipeleka polisi si kulipiza kisasi.

Kusema kweli kwa utulivu, mbele ya mtu mwenye haki ya kuamua, ni kitu kimoja. Kuvizia nyumba yake usiku ni kitu kingine. Andiko linakataza hicho cha pili.

Boda wa Bweyogerere anajibu:

Mwalimu, nimekusoma kwa heshima, ila hujanijibu. Herode alipigwa na malaika wa Bwana katika Matendo 12, akaliwa na chango. Anania na Safira walianguka kwa sababu ya kuficha sehemu ya fedha za kiwanja walichouza. Kwa nini wao iwe hukumu, na huyu iwe ni waya wa umeme uliochakaa?

Mwalimu Mstaafu, Kasese, anajibu:

Swali zuri, kijana wangu, na silikwepi. Mungu anaweza kuhukumu hapa hapa, na amewahi kufanya hivyo. Tofauti ni kwamba habari ya Herode na ya Anania tumeelezwa sababu yake na Maandiko yenyewe, lakini duka hili hakuna nabii aliyetuelezea. Inaweza kuwa ni hukumu. Inaweza kuwa ni waya. Inaweza hata kuwa ni mtu mwingine aliyeibiwa naye akachoka kungoja, na hapo sisi tunaoimba tutakuwa tunaimba juu ya uhalifu wa pili. Kuhusu waliozama katika Bahari ya Shamu, Israeli waliimba kwa kuwa wameokoka, na hakuna ubaya kumshukuru Mungu kwa kuokoka. Dada yetu hakuokoka na lolote kwa moto ule. Karo yake imezidi kuwa mbali.

Ukitaka faraja, chukua Zaburi ya 73. Asafu aliwaonea wivu wasio haki, akaona wananenepa, akakaribia kuteleza, mpaka alipoingia patakatifu pa Mungu ndipo akautambua mwisho wao. Hakuambiwa tarehe.

Mwana wa Gulu anajibu:

Mimi nitaongea kama mtu aliyekulia kambini wakati wa vita vya waasi wa LRA huku kaskazini mwa Uganda, na nisamehewe nikisikika mkali.

Neno "tumwachie Mungu" tumelisikia sana, na tumejifunza kuuliza linatoka mdomoni mwa nani. Likitoka kwa aliyedhulumiwa, baada ya kusema yote na kujaribu yote, ni sala. Likitoka kwa mtu ambaye ukimya wenu unamfaa, ni kufuli ya nne juu ya lile sanduku. Simhukumu mchungaji wenu, maana simjui, lakini nawakumbusha jinsi maaskofu wa Kanisa la Uganda walivyofanya Februari 1977. Watu walikuwa wakiuawa, na Askofu Mkuu Janani Luwum, mtoto wa Mucwini huko Kitgum, hakusema kwamba Mungu ataona. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji, wakaweka majina yao chini. Tarehe 16 ya mwezi huo huo aliuawa, na ndiyo maana leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa. Alimwamini Mungu wa haki kiasi cha kusema mbele ya mwenye bunduki. Vivyo hivyo mwaka 2003, watoto wetu walipokuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kuja kulala mjini Gulu ili wasitekwe na waasi, Askofu Mkuu John Baptist Odama alikwenda kulala nao nje, chini, pamoja na viongozi wengine wa dini. Hakumwachia Mungu akiwa kitandani kwake.

Sasa nije kwenye kusamehe, kwa sababu nakuona unaelekea huko, na ni vizuri. Wazee wetu Waacholi wana utaratibu uitwao mato oput, yaani kunywa oput, mti wenye mizizi michungu. Ni kwa ajili ya damu, mtu wa ukoo mmoja anapomuua wa ukoo mwingine, wala si kwa ajili ya fedha, kwa hiyo sikushauri mkachimbe mizizi Busia. Lakini tazama mpangilio wake. Watu hawaanzi kwa kunywa. Kwanza koo mbili hukaa mbalimbali, kisha kweli husemwa: nani, wapi, kwa nini. Kisha fidia hupangwa na kutolewa. Mwishoni kabisa ndipo pande mbili hupiga magoti juu ya kibuyu kimoja, mikono nyuma, na kunywa uchungu ule ule. Nimewahi kushuhudia. Mwanamume mzee upande wa waliofiwa alikunywa, akafumba macho kwa muda mrefu, na mate yenye uchungu yakamtoka pembeni mwa mdomo, lakini hakutema. Makanisani siku hizi tunataka watu wanywe kabla kweli haijasemwa, halafu tunashangaa kwamba wanatema.

Na jambo moja zaidi, dogo. Dominic Ongwen alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2021, akapewa miaka 25 gerezani. Mtu huyo alitekwa na waasi akiwa mtoto, akakua akawa kamanda wa walewale waliomteka. Nyumbani kwetu watu waligawanyika, hata ndani ya familia moja: huyu anasema ni mhanga, huyu anasema ni mtesaji, na wote wawili wanasema kweli. Tangu siku hiyo mimi nikisikia mtu akisema anajua jinsi Mungu alivyompimia fulani, huwa nanyamaza.

Kwa hiyo mdaini. Kuungua kwa duka hakufuti deni, kunafuta tu uwezo wa kulipa kwa mkupuo. Mnaweza kumpunguzia, mnaweza kumwongezea muda, hata mnaweza kumsamehe kabisa, lakini huwezi kusamehe deni ambalo hujalitaja.

Mzee wa Kabale anajibu:

Binti yangu, nimesoma yote polepole kwa kuwa macho yangu hayana nguvu, na wenzangu wamesema vizuri. Mimi nimelelewa katika nyumba ya Walokole, uamsho ule uliofika Kigezi katika miaka ya 1930, na kwetu neno "haki ya Mungu" halikuanza na mtu mwingine. Mtu aliyeokoka alirudisha kwanza. Jembe la jirani lilirudi, mbuzi alirudi, kodi iliyokwepwa ilipelekwa kwa karani ambaye hakujua hata aiandike wapi. Watu waliwacheka. Lakini Zakayo alifanya hivyo, tena mara nne, na ni baada ya kuyasema hayo ndipo Bwana aliposema kwamba wokovu umefika nyumbani humo.

Nitakuambia langu, ili usidhani nakuhubiria nikiwa juu. Kwa miaka tisa niliuza maharage sokoni kwa kopo. Lilikuwa kopo la bati la kawaida, ila kitako chake nilikigonga kwa jiwe kutoka chini mpaka kikaingia ndani kama kiganja cha mtoto. Kwa macho lilijaa sawasawa na la jirani yangu. Kwa mizani lilipungua ngumi moja ya maharage. Kila Jumapili niliomba Mungu awahukumu walanguzi wa Kampala waliotupunja bei ya viazi, na Jumatatu nikashika kopo langu. Siku moja mhubiri, ambaye hata hakuwa hodari, alisoma Mithali 11:1, kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na mimi nikaona lile kopo kama limewekwa juu ya mimbari. Wateja wa miaka tisa sikuweza kuwatafuta wote. Niliowajua niliwapelekea maharage nyumbani. Kwa wasiojulikana nilikumbuka sheria ya Hesabu 5, kwamba mwenye hatia hurudisha kamili na kuongeza sehemu ya tano, na kama hakuna wa kurudishiwa basi ni ya Bwana, nikatoa gunia moja na zaidi kanisani kwa ajili ya wajane. Kopo bado ninalo. Wajukuu wanalitumia kuchotea chakula cha kuku, na hawajui kwa nini siliruhusu litupwe.

Askofu Festo Kivengere, wa huku kwetu Kigezi, alikimbia nchi mwaka 1977 baada ya Luwum kuuawa, akavuka milima usiku kwenda Rwanda. Baadaye alishuhudia kwamba Mungu alimdai yeye amsamehe Amin, kwa sababu chuki ilikuwa inakuwa ngumu ndani yake kama jiwe. Hata hivyo hakuacha kuueleza ulimwengu kile Amin alichokuwa akifanya. Vijana wengi wanadhani lazima uchague moja.

Sasa niruhusu swali, binti yangu, na kama nimekosea unisamehe kwa uzee wangu. Umeandika kwamba kufuli zote zilikuwa nzima, na kwamba mweka hazina hakuwa na ufunguo hata mmoja. Kufuli tatu hazifunguliwi na mtu asiye na ufunguo. Umeandika pia kwamba "wenye funguo walifungua", lakini hukutuambia walikuwa akina nani. Pengine umesahau tu.

Mkulima wa Busia anajibu:

Mzee wangu wa Kabale, shikamoo. Sikusahau.

Nilikaa siku sita bila kufungua ukurasa huu. Ufunguo wa kufuli ya pili ulikuwa wangu. Mwaka ule mvua ilinyesha sana mwezi wa kumi, nyumba ya mikutano iko mbali nami, na njia ya bondeni hugeuka tope lote. Alhamisi moja nilimpa mweka hazina ufunguo kwa mkono wangu, nikamwambia wafungue bila mimi, mradi wapige mihuri yangu. Alhamisi iliyofuata nilifanya hivyo tena. Kisha nikauacha kwake kwa wiki tano. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwenye ufunguo wa kwanza, ambaye ni shemeji yake, alikuwa ameuacha kwake tangu mapema, na wa tatu alikuwa amesafiri na kumwachia wake. Siku ya kugawana nilikwenda kwake asubuhi mapema nikauchukua, nikautumbukiza mfukoni, na jioni nikafungua kufuli mbele ya watu wote kana kwamba haukuwahi kutoka nyumbani kwangu. Hakuna aliyeniuliza kwa miaka hii yote. Nilipokuwa naimba Jumapili ile, nadhani nilikuwa nashukuru pia kwamba moto umemwangukia yeye peke yake.

Jumamosi nilipanda matatu nikaenda kumwona. Nilimkuta anakaa na familia yake katika chumba kimoja nyuma ya mabaki ya duka, na mahindi yaliyoungua yalikuwa bado yamerundikwa uani, yananuka, kuku wakiyachakura. Nilimpelekea unga na sabuni. Kabla hajasema neno nilimwambia habari ya ufunguo, kwamba nilikosa, na kwamba nitalisema hadharani. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba alianza kwa kukopa laki mbili wakati mkewe alipolazwa, akikusudia kurudisha kabla ya Desemba, na kwamba baada ya hapo ilikuwa rahisi. Mwalimu, sikumwambia kwamba tumemsamehe, kwa kuwa si fedha zangu peke yangu. Nilimwambia kwamba barua ya madai itakuja, na kwamba nitaomba kikundi kimpe muda. Alikubali kufika mbele ya wazee wa kanisa na mwenyekiti wa LC1, na akaandika kwa mkono wake kiasi anachodaiwa. Kwangu alitaka kunipa shilingi 50,000 papo hapo, nikakataa, kwa maana ingekuwa mimi nimelipwa na yule mama aliyekung'uta vitabu hajalipwa.

Mchungaji hakufurahia safari yangu. Ameniambia kwamba habari ya ufunguo ikitoka, watu watasema na mimi nilikula. Huenda watasema. Shemeji ya mweka hazina bado anakana.

Kikao ni Alhamisi hii saa kumi. Nimeandika nitakayoyasema katika karatasi, mistari tisa, ili nisije nikayageuza nikisimama. Ufunguo wenyewe nimeufunga humo humo ndani ya karatasi.